Uzi: Wawekezaji wa Tanga wanataka kumshtaki meneja wa mfuko. Tuingie kwenye kesi au tutulie?

#1 Mdodosaji wa Mabawa
Wakuu salaam. Nisaidieni kabla ya Jumamosi, maana siku hiyo kuna kikao na watataka mchango wa wakili.

Kuna mfuko binafsi wa uwekezaji hapa mjini, jina naliacha, wengine humu mnaujua. Kima cha chini milioni tano, gawio asilimia 4.5 kila robo mwaka. Meneja ananunua mashamba, anapima viwanja, anauza. Pesa nyingine anawakopesha wanunuzi wa mazao. Mwanzo gawio lilikuwa linaingia lenyewe, hata hujauliza unasikia simu imelia. Ikaja nusu gawio. Ikaja barua: "urejeshaji wa mitaji umesitishwa kwa muda ili kulinda thamani ya mali za mfuko." Basi, kimya.

Kinachonichanganya ni taarifa ya kila robo. Ile haijawahi kuchelewa. Ina nembo, ina jedwali la kijani, na safu ya mwisho imeandikwa "thamani ya uwekezaji wako". Inapanda kila mara, na ya juzi imepanda tena. Kwenye karatasi mimi ni tajiri kuliko mwaka jana, ila nikiomba laki tano ya ada ya mtoto naambiwa nivute subira.

Wenzangu wanataka mahakamani. Msimamo wangu: huyu mtu hajaiba, pesa imelala kwenye ardhi. Mkimshtaki, viwanja vitauzwa bei ya kutupa, wakili achukue chake, sisi tubaki na nakala ya hukumu. Nipingeni.

#2 Kijiwe Ngamiani
4.5 kwa robo ni 18 kwa mwaka. Mwaka 2024 Tanga UWASA, watu wa maji, walitoa hatifungani ya kijani (unawakopesha pesa ya mradi wa mazingira, wanakulipa riba), bilioni 53.12, miaka 10, riba 13.5, imeorodheshwa Soko la Hisa la Dar es Salaam. Mkaona ndogo. Mkamfuata mwenye ofisi juu ya duka la simu. Haya.

#3 Binti Raskazone
@Kijiwe Ngamiani si wewe uliyeleta uzi wa sungura humu? Wale sungura wamefikia wapi?

#4 Kijiwe Ngamiani
Tusitoke nje ya mada.

#5 Sheria Mkononi
Mdodosaji, kabla ya kuuliza kama mtashinda, uliza wewe ni nani kwenye karatasi uliyosaini. Kama ulimkopesha, wewe ni mdai. Kama ulinunua hisa au sehemu ya ubia, wewe ni mmoja wa wenye mali, na kampuni ikifilisiwa wenye mali wanasimama mwisho wa foleni. Mbele yao kuna benki yenye rehani, kuna mishahara, kuna kodi, kuna wadai wa kawaida. Fungua mkataba utuambie umeitwa nani humo. Angalia pia kama kuna kifungu cha usuluhishi, kwa sababu kikiwepo upande wa pili utakimbilia hicho siku ya kwanza kuomba kesi isimame.

#6 Mdodosaji wa Mabawa
Nimeitwa "mbia mwekezaji". Usuluhishi upo, na unafanyika Dar es Salaam. Na hiki hapa, ukurasa wa 7: "Meneja hatawajibika kwa hasara yoyote isipokuwa ile itokanayo na uzembe uliokithiri au udanganyifu wa makusudi."

#7 Mgosi Asilia
Pole mgosi. Umesaini kuzikwa na sanda umenunua mwenyewe.

#8 Sheria Mkononi
Msimtishe. Kifungu kama hicho kipo kwenye mikataba ya mifuko binafsi dunia nzima, hata ile ya mabilioni ya dola, na bado mameneja wanashtakiwa. Kinachobadilika ni cha kuthibitisha. Huwezi kwenda kusema tu "amewekeza vibaya", hiyo ni hasara ya biashara na uliikubali. Lazima uoneshe alijua na akaficha, au alitumia pesa kwa jambo lisilo kwenye mkataba, au alijinufaisha. Sasa ulizaneni mna ushahidi gani wa hayo matatu.

#9 Mhasibu Mstaafu
Kwanza namsahihisha Kijiwe: 18 ni kama unachukua gawio ukala. Ukilirudisha ndani inapita 19 kwa mwaka. Na hapo ndipo penye swali ambalo hakuna aliyeuliza. Shamba likinunuliwa leo halijapimwa, halijauzwa, halijaingiza hata shilingi. Gawio la robo ya kwanza lilitoka wapi?

Kuna majibu mawili tu. Ama faida ya ile mikopo ya mazao ilikuwa kubwa kiasi cha kubeba kila kitu, ama mlikuwa mnalipwa kwa mitaji yenu wenyewe na ya waliokuja nyuma yenu. Someni kesi ya GPB Capital ya Marekani. Meneja alikusanya zaidi ya dola bilioni 1.7 kwa watu kama 17,000, akaahidi asilimia 8 kwa mwaka, akasema inatoka kwenye mapato ya biashara alizonunua, nyingi zikiwa za kuuza magari. Tume ya dhamana (hisa na hatifungani) ya huko, SEC, ilimshtaki Februari 2021 ikisema sehemu ya malipo yale ilikuwa pesa ya wawekezaji hao hao. Baraza la mahakama likamtia hatiani mwenye mfuko, David Gentile, Agosti 2024, na 2025 akapewa miaka saba. Magari yalikuwepo, maduka yalikuwepo. Kwa hiyo Mdodosaji, ardhi kuwepo haimalizi hoja.

#10 Kaka Duga
Malizia na kipande cha mwisho mzee. Novemba 2025 Trump alimpunguzia kifungo akatoka.

#11 Mhasibu Mstaafu
Ni kweli, alitoka. Ila kufupishiwa kifungo hakukufuta kesi za madai za wawekezaji.

#12 Mgosi Asilia
Sisi tunaye nani wa kutupunguzia?

#13 Mama Wawili Makorora
Jamani mimi nimo kwenye mfuko huo huo. Baba watoto alistaafu, kiinua mgongo kikaenda robo tatu humo. Hatukumfuata huyo meneja ofisini, aliletwa sebuleni kwetu na mtu tunayemheshimu mtaani, akanywa chai, akafungua kompyuta mpakato juu ya stuli akatuonesha picha za viwanja vina vigingi vyekundu. Baadaye ndiyo tunasikia yule aliyemleta alikuwa analipwa kamisheni kwa kila mtu. Swali langu: yule naye hashtakiwi? Maana sisi tulimwamini yeye, meneja hatukuwa tunamjua.

#14 Kijana wa Chongoleani
Dada Mama Wawili, mimi nilikuwa mmoja wa mawakala, na naomba msituweke kundi moja na wezi. Nilipewa asilimia 3, niliandika kwenye fomu, sikumficha mtu aliyeniuliza. Na mimi nina milioni nane humo ndani. Angekuwa tapeli ningeweka yangu?

#15 Binti Raskazone
"Sikumficha mtu aliyeniuliza." Nani anauliza kitu asichojua kama kipo?

#16 Sheria Mkononi
Mama Wawili, inawezekana. Huko kwa GPB wawekezaji waliwageukia pia madalali na kampuni zilizouza ule mfuko kwa kamisheni. Wakati mwingine hapo ndipo penye pesa, maana mfuko wenyewe unakuwa mkavu. Kwa hapa kwetu kuna suala zito zaidi: kualika umma kuwekeza kunasimamiwa na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, CMSA, na kazi ya meneja wa mfuko inahitaji leseni yao, sawa na kazi ya udalali wa dhamana. Kama meneja hana leseni na wewe wakala huna, Kijana wa Chongoleani, utetezi wa "na mimi nimeweka" hautakufikisha mbali.

#17 Kijana wa Chongoleani
Alisema ni mfuko binafsi, si wa umma, ndiyo maana hauhitaji.

#18 Njia ya Horohoro
Hiyo kauli tumeisikia upande wa pili wa mpaka. Kenya kulikuwa na Cytonn, mfuko wao wa High Yield, yaani wa faida kubwa, ulikuwa nje ya usimamizi wa mamlaka ya masoko ya mitaji kwa hoja hiyo hiyo ya kuwa binafsi. Watu zaidi ya 3,000 waliingia. Pesa ikajengewa majumba, majumba hayakuuzika kwa kasi ya kulipa watu, Oktoba 2021 ukawekwa chini ya msimamizi, Januari 2023 Mahakama Kuu Nairobi ikaamuru ufilisiwe. Kisha ukaanza mvutano mwingine wa majengo yapi ni ya mfuko na yapi ni ya kampuni dada. Hapo ndipo watu walipojua kuwa jina la mwenye hati lina uzito kuliko picha ya jengo.

Kwa hiyo Mdodosaji, hivyo viwanja hati zinasomeka jina la nani? Umewahi kwenda ofisi ya Ardhi kufanya upekuzi?

#19 Mdodosaji wa Mabawa
Hapana. Tulipelekwa Pongwe na basi dogo, tukapigwa picha, tukala pilau.

#20 Kijiwe Ngamiani
Pilau ya nyama au kavu?

#21 Mdodosaji wa Mabawa
Ya nyama. Ilikuwa nzuri, siwezi kusema uongo.

#22 Mgosi Asilia
Gawio la robo ya kwanza hilo hapo. Mlilila.

#23 Mhasibu Mstaafu
Njia ya Horohoro ameuliza la msingi. Niongeze: nendeni na BRELA, wanaosajili makampuni, muone wakurugenzi ni nani na kama mali ya kampuni imewekwa rehani. Nimewahi kuona kampuni inawaahidi watu shamba ambalo benki imeshalishika. Kesi ikiisha, benki inabeba, wabia wanapewa pole.

Halafu kuna ada yake. Mdodosaji, meneja anajilipaje?

#24 Mdodosaji wa Mabawa
Asilimia 2 ya thamani ya mfuko kila mwaka, na asilimia 20 ya faida.

#25 Mhasibu Mstaafu
Na thamani anaipanga nani?

#26 Mdodosaji wa Mabawa
Imeandikwa "kwa tathmini ya Meneja".

#27 Mhasibu Mstaafu
Basi ile safu yako ya kijani inapanda kwa sababu kila ikipanda, yeye anakata zaidi. Huenda hata hajaghushi namba, anaandika tu bei ambayo angependa viwanja viuzwe. Jumamosi mimi ningeanza na hilo kabla ya kuitana wezi: alijikatia ada kiasi gani kwa thamani aliyoipanga mwenyewe, na aliendelea kukata baada ya kusitisha urejeshaji? Akiwa aliendelea, ule ukurasa wa 7 hautamkinga sana.

#28 Kaka Duga
Mimi nasimama na Mdodosaji. Mnakimbilia neno utapeli kila pesa ikichelewa. Uingereza kulikuwa na Neil Woodford, meneja aliyesifiwa miaka na miaka. Juni 2019 mfuko wake wa pauni bilioni 3.7 ulifungwa milango kwa sababu wengi walitaka kutoka kwa pamoja, ukiwemo mfuko wa pensheni wa Kent, na yeye pesa kaiweka kwenye kampuni ndogo ambazo hazijaorodheshwa sokoni, haziuziki haraka. Hakufungwa jela. Ni ugonjwa wa kuahidi watu watoke muda wowote wakati mali yenyewe inachukua miaka kuuza. Viwanja vya Pongwe ni hivyo hivyo.

#29 Sheria Mkononi
Kaka Duga umesema sawa ila umeacha nusu. Hakufungwa, lakini wawekezaji walishtaki, na kampuni iliyokuwa inausimamia ule mfuko, Link, ikaingia mapatano ya hadi pauni milioni 230 ambayo Mahakama Kuu ya huko iliyaidhinisha Februari 2024. Yaani hata bila wizi, kusimamia ovyo kuna bei. Na pale kulikuwa na mtu wa tatu wa kumdai. Kwa Mdodosaji meneja ndiye mnunuzi, ndiye mtunza pesa, ndiye mthamini. Mifuko ya pamoja iliyosajiliwa, kama ya UTT AMIS, mali inatunzwa na benki tofauti na meneja, hawezi kuamka asubuhi akachota.

#30 Mama Wawili Makorora
Mimi hayo ya Uingereza yananipita. Nataka kujua polisi au mahakamani? Kwenye kikao cha kwanza kuna waliosema twende polisi akamatwe, atatapika pesa.

#31 Mgosi Asilia
Akikamatwa atapata dhamana kabla hujafika nyumbani kuinjika chungu.

#32 Sheria Mkononi
Mama Wawili, ni njia mbili tofauti na moja haizuii nyingine. Jinai ni ya Jamhuri, inataka kuthibitisha bila kuacha shaka, na akipatikana na hatia anaweza kufungwa nanyi msione pesa. Madai ni yenu, kiwango cha ushahidi ni chepesi zaidi, na mnaweza kuomba zuio viwanja visiuzwe wakati kesi inaendelea. Mkiwa wengi wenye dai moja, sheria ya mwenendo wa madai inaruhusu wachache washtaki kwa niaba ya wote kwa kibali cha mahakama, si lazima majina themanini kwenye hati ya madai. Mkataba ukivunjwa mna miaka sita ya kushtaki, lakini msiitumie yote, viwanja havisubiri.

Na mkataba wako umelipiwa ushuru wa stempu?

#33 Mama Wawili Makorora
Stempu gani tena?

#34 Kijiwe Ngamiani
Usipolipiwa haupokelewi mahakamani. Mmekwisha wote.

#35 Sheria Mkononi
Kijiwe unakata maneno. Unapokelewa ukishalipia ushuru na faini yake, hata kwa kuchelewa. Na msifute meseji za WhatsApp alizowaandikia. Tangu sheria ya miamala ya kielektroniki ya 2015, zinakubalika kama ushahidi zikiletwa inavyotakiwa. Ile sauti aliyotuma akisema "pesa ipo, nasubiri mnunuzi asaini" mtu asiifute.

#36 Njia ya Horohoro
Umejuaje kuna sauti?

#37 Sheria Mkononi
Daima kuna sauti.

#38 Mdodosaji wa Mabawa
Ipo kweli. Sekunde 48.

#39 Binti Raskazone
Mnakumbuka DECI? Shangazi yangu alikuwa anapanda mbegu kila mwezi, ndivyo walivyoita, na mwanzo alivuna kweli, akanunua friji. Serikali ilipoifunga 2009 watu walilia wakailaani serikali, si DECI. Walisema "wangetuachia tungevuna". Viongozi wake walishtakiwa kwa kuendesha upatu na kupokea amana bila leseni, hukumu ikaja 2013. Mpaka leo shangazi anaamini ni njama. Kaka Duga akiongea namsikia shangazi.

#40 Kaka Duga
Friji bado lipo?

#41 Binti Raskazone
Linagandisha hadi leo.

#42 Kaka Duga
Basi shangazi ndiye mwekezaji pekee aliyefaidika kwenye uzi huu.

#43 Kijana wa Chongoleani
Mimi nawaambia tatizo ni bomba. Lilipotangazwa bomba la mafuta kutoka Hoima kuja kwetu, kilomita 1,443, kila mtu akapandisha bei ya ardhi. Meneja alinunua kwa bei ya juu akitegemea itaendelea kupanda. Haikupanda alivyodhani, wanunuzi wakakauka. Hana hila, kalenda ndiyo imemwangusha.

#44 Mhasibu Mstaafu
Inawezekana kabisa. Ila mtu aliyeangushwa na kalenda anaandika kwenye taarifa kuwa thamani imeshuka. Huyu kaandika imepanda.

#45 Njia ya Horohoro
Na anayekwama kwa bahati mbaya ndiye anayeanza kuchota mfuko huu kuziba ule. Abraaj, kampuni ya mifuko ya uwekezaji ya Dubai, ilisimamia karibu dola bilioni 14, ndiyo waliowahi kununua Java House ya Nairobi. Wakfu wa Gates ukaanza kuuliza pesa yao kwenye mfuko wa afya iko wapi kama hospitali hazijanunuliwa. Ikabainika ilikuwa inatumika kulipia mambo mengine. Kufikia Juni 2018 iko mikononi mwa wafilisi, na 2019 mamlaka ya fedha ya Dubai ikazipiga kampuni zake faini ya jumla ya dola milioni 315. Aliyeuliza swali la kwanza hakuwa polisi, alikuwa mwekezaji aliyeomba taarifa ya benki.

#46 Mdodosaji wa Mabawa
Sawa, nimeanza kulegea. Jumamosi nitapendekeza tusichange ya kesi kwanza, tuchange ya upekuzi Ardhi na BRELA, na barua ya wakili kudai taarifa za benki za mfuko ndani ya siku 14. Akikataa, zuio. Ila kwenye kikao kuna wazee wanataka tumpe mwaka mmoja zaidi, na wao ndio wenye mitaji mikubwa.

#47 Mama Wawili Makorora
Wazee hao ndio walioingia mwanzoni. Wameshakula gawio mpaka mtaji umerudi, wana haraka gani? Sisi wa mwisho ndio tuna shida.

#48 Mhasibu Mstaafu
Umegusa penyewe. Kwenye kesi ya Madoff, yule tapeli wa Marekani aliyewalipa wa zamani kwa pesa ya wapya, msimamizi wa kurejesha pesa Irving Picard hakuishia kwa Madoff. Aliwashtaki hata wawekezaji waliokuwa wametoa zaidi ya walichoweka, akisema ile faida ilikuwa pesa ya wenzao. Amerejesha zaidi ya dola bilioni 14, na nyingi hazikutoka mfukoni mwa Madoff.

#49 Sheria Mkononi
Hapa kwetu mfilisi naye anaweza kuhoji malipo ya upendeleo, yaani mmoja kalipwa mbele ya wenzake, yaliyofanyika kampuni ikiwa inaelekea kuanguka. Siyo moja kwa moja kama Marekani, lakini mlango upo.

#50 Wa Barabara ya Kumi na Nne
Nimesoma kimya toka mwanzo. Mimi niliingia na milioni ishirini, nikatoka na ishirini na tisa, nikajengea vyumba viwili vya kupangisha. Nilisaini, nikavuna, nikaaga. Sasa mnataka kuniambia mtakuja kuvunja vyumba vyangu? Sirudishi hata thumuni.

#51 Mama Wawili Makorora
Tisa hizo ni za baba watoto wangu.

#52 Wa Barabara ya Kumi na Nne
Zina jina lake?

#53 Mgosi Asilia
Moderata usifunge uzi, ndiyo kwanza umenoga.

#54 Mhasibu Mstaafu
Barabara ya Kumi na Nne, ulitoka lini? Kabla ya ile nusu gawio au baada? Na nani alikwambia utoke?

#55 Kijana wa Chongoleani
Hilo hata mimi nataka nilisikie.

#56 Wa Barabara ya Kumi na Nne
Hayo nitajibu nikiletewa samansi.